Namba mbili: mlinzi asiyeshangiliwa

Ziko kazi ambazo zikifanywa vyema hazionekani. Mlinzi wa ghala akikesha usiku kucha na asubuhi mali ikakutwa salama, hapana mtu anayempigia makofi. Fundi akiikaza breki ya basi barabara, na basi hilo likateremka mlima Kitonga bila ya matata, abiria hushuka Morogoro wakimshukuru dereva, na fundi hata jina lake hawalijui. Lakini siku moja tu mambo yakienda mrama, mlinzi na fundi ndio wa kwanza kutajwa, na kila mtu huwa na la kusema juu yao.

Katika mchezo wa kandanda, kazi ya namna hiyo ni ya mlinzi wa pembeni, yule ambaye wapenzi wa mpira wamezoea kumwita kwa namba: namba mbili akiwa upande wa kulia, namba tatu akiwa upande wa kushoto. Mfungaji hubebwa mabegani. Kipa akidaka penalti hukumbukwa miaka ishirini. Namba mbili hukumbukwa kwa krosi ile moja aliyoiachia ikapita, hata kama alikwisha kuzizuia nyingine thelathini.

Makala haya yanahusu maisha ya kazi ya watu hao, na hasa mmoja wao, Ndugu Shadrack Nsajigwa, aliyekuwa beki wa kulia wa Yanga na nahodha wa timu ya Taifa. Jina lake ni la Kinyakyusa, lugha ya watu wa Rungwe na Kyela katika mkoa wa Mbeya, na maana yake ni mtu aliyebarikiwa. Hata hivyo, viwanjani wapenzi walimpa jina jingine, Fusso, yaani lile lori la mizigo ambalo kila mkazi wa Mbeya na Iringa analijua kwa kuliona likipanda milima polepole, limejaa, wala halirudi nyuma.

KAZI YENYEWE

Kwa msomaji asiyekwenda viwanjani, inafaa kueleza kazi ya mlinzi wa pembeni ni nini.

Uwanja wa mpira ni mpana, na kila timu yenye akili hupenda kupitisha mashambulizi yake pembeni, mahali ambapo watu ni wachache. Huko humweka winga, kijana mwenye mbio na hila za miguu, ambaye kazi yake ni kumpita beki na kuutia mpira mbele ya lango. Mlinzi wa pembeni ndiye anayesimama kati ya winga huyo na maafa. Hana wenzake wengi wa kumsaidia: upande wake mmoja uko mstari wa uwanja, upande wa pili yuko beki wa kati, ambaye naye ana mtu wake wa kumchunga. Kwa hiyo mara nyingi pambano huwa la mtu na mtu, mbele ya macho ya watu wote waliolipa kiingilio.

Beki aliyefunzwa vizuri haukimbilii mpira kama mtoto anayekimbilia kuku. Husimama upande, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, magoti yamepinda kidogo, na hutazama kiuno cha mpinzani, kwa maana miguu na macho ya winga hudanganya, lakini kiuno hakidanganyi. Humwachia winga njia ya kwenda nje kuelekea mstarini, na humnyima njia ya kuingia ndani kuelekea lango. Hungoja. Anayevamia kabla ya wakati hupitwa, na anayechelewa huchezwa shere vile vile. Kati ya mambo hayo mawili upo muda mfupi mno, na riziki ya beki imo katika muda huo.

Aidha, yapo mambo ya mstari. Mabeki wanne hutakiwa kwenda pamoja kama askari wa gwaride, ili mshambuliaji aliyewatangulia ahesabiwe kuwa ameotea. Akibaki mmoja nyuma kwa hatua mbili tu, mwamuzi hapulizi filimbi na bao ni halali. Hapo ndipo utamsikia kipa akifoka, na mara nyingi anayefokewa ni namba mbili au namba tatu, kwa kuwa wao ndio walio mbali na katikati na huweza kusahau wenzao wamesimama wapi.

Tangu Wabrazili walipouonyesha ulimwengu namna mabeki wao wanavyopanda mbele, mzigo wa mlinzi wa pembeni umeongezeka maradufu. Siku hizi hutakiwa kushambulia pia. Timu yake ikiwa na mpira hukimbia mpaka karibu na kibendera cha kona apige krosi. Mpira ukipotea hutakiwa arudi mbio kabla ya winga hajafika. Kwa dakika tisini hufanya safari hiyo mara nyingi, na anayemhesabia ni kocha peke yake.

Huko Marekani wanao mchezo wao wa mpira wa mviringo kama yai, unaochezwa kwa mikono zaidi ya miguu, na ndani yake yuko mlinzi anayefanana sana na huyu wetu. Naye husimama pembeni, naye hupewa mkimbiaji mmoja wa kumchunga, na tena huanza kazi yake kwa kukimbia kinyumenyume, akiwa hajui mpinzani wake atageukia wapi. Wale wanaoujua mchezo huo husema kwamba sifa ya kwanza ya mlinzi wa namna hiyo ni kusahau upesi. Akipitwa mara moja na akaendelea kulifikiria jambo hilo, atapitwa mara ya pili. Maneno hayo yangeweza kusemwa vilevile katika uwanja wa Sokoine mjini Mbeya au wa Samora mjini Iringa.

NYANDA ZA JUU NA MPIRA WAKE

Watu wengi wa Dar es Salaam hudhani kwamba kandanda ya nchi hii ni Simba na Yanga basi. Nyanda za Juu Kusini zinayo historia yake, na historia hiyo si ndogo.

Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo ulio kwenye mashamba ya chai na migomba chini ya mlima Rungwe, ilitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara na kuwaacha vigogo wa Dar es Salaam wakishika vichwa. Wapenzi wake waliiita Banyambala, na mpaka leo wazee wa Mbeya wakikaa barazani hawakosi kuitaja. Mjini Mbeya kwenyewe ilikuwapo Mecco, timu ya kampuni ya ujenzi, na ipo Prisons ya Jeshi la Magereza, ambayo mwaka 1999 nayo ilionja ubingwa. Mwaka 2011 Halmashauri ya Jiji ilianzisha Mbeya City. Timu hiyo ilipoingia Ligi Kuu kwa mara ya kwanza katika msimu wa 2013/14, chini ya kocha Juma Mwambusi, ilimaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, na ilifuatwa na mashabiki wake kwa mabasi mpaka mikoa ya mbali.

Iringa nayo ina Lipuli, ambayo wapenzi wake huiita Wanapaluhengo. Lipuli ilirejea Ligi Kuu mwaka 2017 baada ya kukaa nje miaka mingi. Mwaka 2019 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, mchezo uliochezwa katika uwanja wa Ilulu mjini Lindi, ikafungwa na Azam bao moja bila. Mwaka uliofuata iliteremka daraja. Kupanda na kuteremka huko ndiyo hali ya timu nyingi za mikoani: vipaji vipo, fedha hazipo.

Waalimu wa mpira husema kwamba vijana wa huku wana pumzi, na sababu yake haihitaji uchawi. Mji wa Mbeya uko kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa uko juu ya meta 1,500. Hewa ni nyepesi, na mwili unaokulia humo hujizoesha kufanya kazi kwa hewa hiyo. Mtoto anayepanda na kuteremka vilima kila siku kwenda shule hujenga mapaja na mapafu bila kujua. Kwa kazi ya namba mbili, ambaye hutakiwa kwenda na kurudi dakika tisini, hiyo ni mali aliyopewa bure.

Hata hivyo, iko njia panda ambayo kila mchezaji hodari wa Nyanda za Juu hulazimika kufika. Akibaki nyumbani katika timu kama Prisons, huweza kuajiriwa askari: mshahara wake ni mdogo lakini ni wa kila mwezi, na siku akistaafu kiko kiinua mgongo. Akishika barabara ya Dar es Salaam, safari ya kilomita zaidi ya 800 kutoka Mbeya, huenda akapata fedha za usajili ambazo baba yake hakuzishika maisha yake yote. Lakini huko hana kazi nyingine isipokuwa miguu yake, na miguu huumia. Wengi wamefika njia panda hiyo. Baadhi walipata, baadhi walirudi na begi lile lile waliloondoka nalo.

NSAJIGWA NA TAIFA STARS

Ndugu Nsajigwa ni miongoni mwa waliopata. Alikuwa beki wa kulia wa Yanga kwa miaka kadhaa na nahodha wake, na alikuwa mmoja wa nguzo za Taifa Stars katika siku ambazo timu hiyo ilianza tena kupendwa na wananchi, chini ya kocha kutoka Brazil, Marcio Maximo, aliyekuja nchini mwaka 2006.

Ili kuzielewa siku hizo, msomaji akumbuke kwamba Tanzania ilikuwa imecheza fainali za Mataifa ya Afrika mara moja tu, mjini Lagos mwaka 1980. Katika kikosi hicho alikuwamo mlinzi Leodegar Tenga, ambaye baadaye aliongoza shirikisho la mpira wa miguu nchini. Baada ya hapo ulipita muda wa karibu miaka thelathini bila ya Taifa Stars kuonekana katika fainali zozote za bara zima. Watoto waliozaliwa mwaka ule wa Lagos walikuwa watu wazima wenye watoto wao.

Ukame huo ulikatika katika fainali za kwanza za wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao, zilizofanyika Côte d'Ivoire kuanzia Februari mpaka Machi 2009. Tanzania ilifika huko baada ya kuitoa Sudan. Mchezo wa kwanza ilifungwa na Senegal bao moja bila. Wa pili iliwakabili wenyeji mbele ya umati wao, na Mrisho Ngassa akafunga bao la pekee. Ushindi ule ulisikika mpaka Mwanjelwa.

Ukabaki mchezo wa tatu, dhidi ya Zambia. Hesabu ilikuwa nyepesi: Tanzania ikishinda inakwenda nusu fainali. Kipindi cha pili Tanzania ilipata bao, na mfungaji wake alikuwa Nsajigwa, beki wa kulia. Kwa muda wa karibu nusu saa nchi nzima ilikuwa ndani ya nusu fainali. Kisha, katika dakika za mwisho kabisa, Zambia ikasawazisha. Mchezo ukamalizika 1-1. Zambia na Senegal wakasonga mbele kwa pointi tano kila mmoja, na Tanzania ikarudi nyumbani na pointi nne.

Ni vigumu kueleza uchungu wa mlinzi katika hali kama hiyo. Alikuwa amefanya lile ambalo si kazi yake, yaani kufunga, na lile ambalo ndilo kazi ya walinzi wote, yaani kulinda, likashindikana zikiwa zimebaki dakika za kuhesabika. Mtu dhaifu angeweza kuvunjika moyo asirudi tena. Lakini kama tulivyosema juu ya wale walinzi wa Marekani, kazi hii haimpi nafasi mtu wa kukaa na kosa.

PENALTI YA DESEMBA 2010

Mwaka uliofuata ulikuwa na mambo. Juni 7, 2010, Brazil ilikuja Dar es Salaam ikijiandaa kwa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, ikacheza na Taifa Stars na kushinda 5-1. Robinho na Ramires walifunga mabao mawili kila mmoja na Kaká moja. Jabir Aziz akaipatia Tanzania bao lake. Kwa mabeki wetu hiyo ilikuwa shule, maana walipata kuona kwa macho yao tofauti ya hatua moja tu inavyozaa bao.

Mwishoni mwa mwaka huo, Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati. Tanzania Bara ilikuwa imelitwaa kombe hilo mara mbili tu, mwaka 1974 na mwaka 1994. Kocha wakati huo alikuwa Jan Poulsen kutoka Denmark, na nahodha alikuwa Nsajigwa. Mambo yalianza vibaya: Stars ikafungwa na Zambia bao moja bila, na wapenzi wakaanza kunung'unika kama kawaida yao. Baadaye ikazifunga Somalia na Burundi, ikaitoa Rwanda katika robo fainali kwa bao moja, na ikaitoa Uganda katika nusu fainali kwa mikwaju ya penalti.

Fainali ilichezwa Desemba 12, siku tatu baada ya sikukuu ya Uhuru, dhidi ya Côte d'Ivoire, ambayo ilikuwa imealikwa katika mashindano hayo. Ilikuwa ni nchi ile ile ambayo katika ardhi yake Tanzania ilikuwa imeikosa nusu fainali. Kabla ya mapumziko mwamuzi akatoa penalti kwa Tanzania. Aliyeusogelea mpira hakuwa mshambuliaji. Alikuwa nahodha, namba mbili.

Hebu msomaji afikirie hatua zile. Mpiga penalti hupewa meta kumi na moja na kipa mmoja, na watu husema ni rahisi. Lakini mtu yule alikuwa amebeba miaka kumi na sita ya kungoja kombe, tangu mwaka 1994, na kumbukumbu ya Zambia ilikuwa haijapoa. Angekosa, asingekumbukwa kwa mechi zake zote za kulinda. Angekumbukwa kwa ule mpira mmoja. Nsajigwa akapiga, mpira ukatikisa nyavu, na bao hilo likatosha. Mwisho wa mchezo ulikuwa 1-0, na beki wa kulia ndiye aliyeinua kombe.

Hayo ndiyo malipo ya nadra ya mtu asiyeshangiliwa. Baada ya kustaafu kucheza, Ndugu Nsajigwa hakuuacha mchezo, bali aligeukia ualimu wa mpira, na mwaka 2017 alikuwa kocha msaidizi wa Yanga. Si ajabu kwamba walinzi wengi huwa waalimu wazuri. Mshambuliaji huweza kucheza kwa kipaji peke yake. Mlinzi hulazimika kuuelewa mchezo mzima, kwa kuwa uko mbele ya macho yake muda wote.

KAZI FUPI KULIKO KAZI ZOTE

Sasa tuje katika jambo linaloihusu familia moja kwa moja. Mfanyakazi wa kiwandani huanza kazi akiwa na miaka ishirini na huweza kustaafu akiwa na sitini. Mlinzi wa pembeni huanza na miaka ishirini, na akifika thelathini na mitatu au minne, winga wa miaka kumi na tisa humpita kama upepo. Kwa hiyo kazi yake yote, mshahara wake wote na akiba yake yote hutakiwa viingie katika miaka kumi na minne hivi, kama mguu haukuumia.

Na miguu huumia. Shomari Kapombe, beki wa kulia aliyemrithi Nsajigwa katika mioyo ya wapenzi, alifika Ufaransa katika klabu ya Cannes mwaka 2013 na akarejea nchini mwaka uliofuata kuichezea Azam. Baadaye, akiwa mchezaji wa Simba, mwaka 2018 aliumia vibaya akiwa katika kambi ya Taifa Stars Afrika Kusini, na akakaa nje muda mrefu. Alirudi kwa bidii. Agosti 2025, Tanzania ilipokuwa mwenyeji pamoja na Kenya na Uganda wa fainali zile zile za wachezaji wa ndani, ni Kapombe aliyefunga bao la pekee dhidi ya Mauritania zikiwa zimebaki dakika chache. Mlinzi wa kulia tena! Lakini kwa kila Kapombe aliyerudi, wako wengine ambao goti lilipokatika na mkate ulikatika.

Hata huko Marekani, kwenye fedha nyingi, kazi hii ina gharama. Wako vijana wa asili ya Afrika Mashariki waliocheza mpira wa huko: Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, alicheza miaka mingi katika timu ya New York Giants, na Mkenya Daniel Adongo aliitwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 akitokea mchezo wa raga. Mwaka huo huo wa 2013, ligi ya huko ilikubali kulipa dola milioni 765 kwa wachezaji wa zamani walioishitaki kwa ajili ya majeraha ya kichwa, na baadaye ukomo wa fedha hizo ukaondolewa. Fedha hizo hazikutoka kwa hisani. Zilitoka kwa sababu wachezaji walisimama pamoja kama wafanyakazi na kudai haki yao.

WAZAZI WAFANYE NINI?

Wako wazazi katika miji yetu ambao wakimwona kijana anacheza mpira humfukuza kwa fimbo, na wako wengine ambao wakisikia ana kipaji humtoa shuleni kesho yake. Wote wawili wanakosea. Kipaji ni kama shamba: halitakiwi kuachwa pori, wala halitakiwi kuuzwa likiwa bado na mimea michanga.

Jambo la kwanza ni elimu. Mchezaji asiyejua kusoma mkataba wake ni mtu anayetia saini utumwa wake mwenyewe. Mzazi adai nakala ya mkataba na auone umesajiliwa katika shirikisho la mpira. Aulize kwa maneno ya wazi: mshahara ni kiasi gani, unalipwa tarehe ngapi, na kijana akiumia nani anamtibu, na kwa muda gani?

Jambo la pili ni kujihadhari na mawakala wa mitaani. Kanuni za shirikisho la dunia haziruhusu kijana aliye chini ya miaka kumi na minane kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalum. Mtu anayemfuata mzazi wa kijana wa miaka kumi na tano huko Uyole au Kihesa, akiahidi kumpeleka Ulaya na kutaka fedha za pasipoti na nauli, mzazi amwonyeshe mlango.

Jambo la tatu linazihusu timu ndogo za mitaa na shule. Kanuni hizo hizo zinasema kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Lakini klabu isiyokuwa na kumbukumbu za usajili haiwezi kudai kitu. Ni mara ngapi timu za Mbeya na Iringa zimemlea kijana, zikamnunulia viatu kwa michango ya wazazi, kisha zikaambulia picha tu gazetini? Daftari la usajili lililotunzwa vizuri huweza kuwa na thamani kuliko jezi seti kumi.

Na la nne ni akiba. Kijana anayelipwa fedha nyingi akiwa na miaka ishirini na miwili huzungukwa na marafiki wengi kuliko alivyozungukwa na mawinga. Afundishwe nyumbani, kabla hajaondoka, kwamba fedha ya usajili si mshahara wa mwezi mmoja, bali ni mshahara wa uzee unaolipwa mapema. Shamba la parachichi Rungwe au la miti Mufindi, au nyumba ya vyumba vinne, haliteremki daraja.

MLINZI NA JAMII

Viwanja vyetu viwili vya Nyanda za Juu vimepewa majina ya watu waliofanya kazi ya kulinda. Edward Sokoine, Waziri Mkuu wetu aliyefariki mwaka 1984, alizilinda mali za umma dhidi ya walanguzi. Samora Machel, aliyefariki mwaka 1986, aliulinda uhuru wa Msumbiji. Wote wawili walikufa wakiwa kazini. Ni jambo la kufaa kwamba vijana wanaojifunza ulinzi wa pembeni wanajifunzia chini ya majina hayo.

Basi Jumapili utakapokwenda uwanjani na watoto wako, uwaonyeshe yule kijana aliyesimama karibu na mstari, ambaye dakika zinapita bila kuguswa na mpira. Uwaambie wamtazame yeye na si mpira. Wamwone anavyowaita wenzake, anavyorudi nyuma hatua tatu na kupanda hatua mbili, anavyomnyima mpinzani njia bila hata kumgusa. Watajifunza kwamba mtu huweza kufanya kazi kubwa bila ya kelele. Na akiuzuia mpira wa hatari ukatoka nje, wapige makofi. Anastahili, na huenda hayo ndiyo makofi pekee atakayoyapata siku hiyo.